Mama Mchungaji Anajibu: Miaka Mitatu ya Theolojia, Ili Iweje?

Mwezi huu mfuko wa barua umekuja na jambo moja kwa sura nyingi: masomo ya juu ya theolojia, yale ya shahada ya pili na kuendelea. Labda ni msimu wa udahili, labda mvua zimewaweka watu ndani na kalamu zao. Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: nilikuwa muuguzi kabla sijawa mchungaji, nikasoma, nikafundisha chuo cha theolojia, na sasa nimestaafu, nakaa Tabata na kuku kumi na wawili wasionisikiliza. Barua nimezifupisha kidogo. Majina nimeyaacha.

*Bwana Yesu asifiwe, Mama Mchungaji. Shikamoo. Nina miaka 34, nina shahada ya uhasibu na nimeajiriwa na kampuni ya usafirishaji bandarini. Kwa miaka sita nimekuwa mwinjilisti wa kujitolea katika mtaa wetu huku Mbagala. Wazee wa kanisa wananitaka niingie kwenye uchungaji rasmi. Nimepata udahili wa shahada ya uzamili, wenyewe wanaiita M.Div., miaka mitatu, Nairobi. Mke wangu anauliza: miaka mitatu ili iweje, na kuhubiri unahubiri tayari? Mchungaji wetu naye ananitania, "Nenda, ila usirudi msomi asiyeamini." Tuna watoto wawili. Nifanyeje?*
Mwinjilisti, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Nianze na mkeo, maana swali lake ndilo swali lenyewe. Mwambie Mama Mchungaji anampa hongera. Watu wengi huingia kwenye masomo haya bila kuulizwa "ili iweje" na mtu yeyote. Huja kuulizwa mwaka wa tatu, wakiwa na madeni.

Kuhubiri kweli unahubiri. Umewahi kuhubiri Yohana sura ya tatu? Bila shaka. "Mtu asipozaliwa mara ya pili." Hilo "mara ya pili" tumelihubiri mpaka limekuwa jina la aina ya Wakristo. Sasa, neno la Kigiriki lililopo pale ni *anothen*, nalo lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza, ndiyo maana anauliza habari za mtu mzima kurudi tumboni mwa mama yake. Yesu yeye anaendelea na upepo na mambo ya mbinguni. Mazungumzo yote yamesimama juu ya watu wawili wanaosikia neno moja kila mtu kivyake, na Kiswahili hakina neno moja la kubeba zote mbili, kwa hiyo watafsiri wa Biblia yetu ya mwaka 1952 ilibidi wachague. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka 38, nimeshaihubiri ile sura mara nisizozikumbuka. Sikujiona nimewadanganya watu. Nilijiona nilikuwa nimekaa barazani miaka yote hiyo nikidhani nimeshaingia ndani.

Hiyo ni lugha. Kuna Kiebrania, kuna historia ya kanisa, maadili, ushauri wa kichungaji, utawala. Orodha ya masomo utapewa chuoni na mimi sina haja ya kuirudia. Kilichonigeuza mimi hakikuwa darasani.

Nilipokuwa masomoni Marekani tulipelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo ya uchungaji. Mafunzo ya namna hii yalianza mwaka 1925 na mchungaji Anton Boisen katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts. Yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi hayo hayo, akatoka na wazo kwamba mgonjwa naye husomwa kama kitabu, tena kwa heshima ile ile. Awamu moja ni saa 400. Mimi nikajidai: nimekuwa muuguzi, wodi naijua, watanifundisha nini? Siku ya nne nikaingia kwa mama mmoja aliyekatwa mguu. Akaniambia anaogopa kurudi nyumbani. Nikamshika mkono, nikamwombea, nikatoka.

Utaratibu wao ni kwamba unaandika mazungumzo neno kwa neno kadiri unavyoyakumbuka, kisha unayasoma mbele ya wenzako na msimamizi. Nikasoma yangu kwa majivuno. Msimamizi akauliza, "Aliposema anaogopa kurudi nyumbani, ulimwuliza nyumbani kuna nini?" Nikasema hapana, niliomba. Akasema, "Uliomba kwa ajili yake, au uliomba ili upate kutoka humo chumbani?" Nilimkasirikia wiki nzima. Halafu nikarudi kwa yule mama na kuuliza. Nyumbani kulikuwa na ngazi kumi na nne na mume mlevi.

Tangu hapo, nikienda Muhimbili au Ocean Road kuona wagonjwa, nauliza kwanza. Mwambie mkeo hivyo: miaka mitatu ili ujifunze kuuliza kabla ya kujibu. Mwinjilisti wa kujitolea ana haraka, si kosa lake. Ana Jumapili moja tu na Jumatatu bosi anamsubiri bandarini. Chuo kizuri kinamtoa haraka hiyo. Chuo kibaya kinampa majibu yale yale, ila marefu zaidi.

Ule utani wa mchungaji wako usiuchukulie kama utani mtupu. Yapo yatakayokutikisa. Mwaka wangu wa kwanza wa theolojia niliposikia kwamba wataalamu wanaona mikono mingi katika vitabu vitano vya Musa, nilikaa karibu miezi miwili nikiomba kwa kinywa tu. Likizo nikamweleza mama yangu mzazi, akiwa anachambua mchicha. Akauliza, "Kwa hiyo waliandika wengi?" Nikasema ndiyo, wanasema hivyo. Akasema, "Basi walifanya kazi kubwa," akaendelea kuchambua. Nimesoma vitabu vizito juu ya jambo hilo na sijapata jibu lililonituliza kama lile. Ninachotaka kusema ni kwamba usiende bila mtu wa kumwelezea wakati wa likizo, na asiwe mwanafunzi mwenzako.

Sasa mambo ya karatasi. Shahada yako ni ya uhasibu, kwa hiyo achana na M.Th.; hiyo ni ya mtu aliyekwisha kusoma theolojia katika shahada ya kwanza, ile B.D. waliyoipitia wachungaji wetu wengi. M.Div. ni mfumo wa Kimarekani unaompokea mwenye shahada ya fani yoyote, ndiyo sababu ni ndefu. Nairobi si ugenini kwa mambo haya. Chuo kinachoitwa leo Africa International University kilianza mwaka 1983. Kile cha Limuru, St. Paul's, kina asili ya pwani kama sisi: kilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, pale walipokuwa wamewekwa watumwa waliokombolewa, kikahamia Limuru mwaka 1930. Napenda kuwakumbusha wanaodhani theolojia ya Afrika Mashariki imeshuka kutoka bara na baridi. Na hapa nyumbani uliza pia Makumira, Usa River, ambako Walutheri wamekuwa wakifundisha tangu mwaka 1954, kabla ya hapo wakiwa Lwandai, Lushoto.

Kabla hujalipa ada, waulize kitu kimoja: wanafunzi wao hupelekwa wapi nje ya darasa, na kwa saa ngapi? Wakikujibu kwa kukupa picha za jengo la maktaba, omba kwanza muda wa kufikiri.

Tena niseme lisilopendeza: mwaka huu usiende. Sijaona popote katika barua yako kwamba dayosisi yako imeandika chochote. Wazee wa mtaa wanakupenda, lakini wazee wa mtaa hawapangi wachungaji vituo. Nimefundisha watu waliorudi na joho na kukuta hakuna aliyekuwa anawasubiri. Mmoja wao sasa anauza vifaa vya umeme, na anauza vizuri, lakini siyo alichokiacha kazi kwa ajili yake. Omba barua. Iseme nani analipa nini, na ukirudi unapokelewa kwa utaratibu gani. Mkeo aisome kabla yako. Miezi hiyo ya kusubiri anza Kigiriki taratibu. Alfabeti haihitaji ada.

Na uhasibu wako usiuzike. Huko Mbagala nusu ya kina mama unaowahubiria wamo kwenye vikoba, na baadhi wamenaswa na ile mikopo ya kausha damu. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Mchungaji anayeweza kukaa na mama mezani, akasoma naye mkataba wa mkopo na kumwonyesha riba inavyopanda kila wiki, huyo nimemtafuta miaka mingi katika madarasa yangu. Nilimpata mmoja, naye alikuwa mwalimu wa hesabu.

*Mama Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa, Temeke, umri wangu 71. Mchungaji wetu tulimsomesha shahada ya pili kwa nguvu zetu: harambee mbili, na minada ya kuku na ndizi baada ya ibada mwaka mzima. Amerudi. Sasa mahubiri yake yamejaa "kontekisti" na "hemenutiki", na akitoka hapo anaingia kwenye hati za viwanja, mikopo na bajeti ya serikali. Vijana wanapiga makofi. Sisi wazee tunajiuliza kama tulimsomesha awe mchungaji au mwanasiasa. Tumwambieje?*
Mzee wa Kanisa, Temeke

Shikamoo, mzee wangu. Umeleta mashitaka mawili katika karatasi moja. La kwanza ana hatia, la pili sijui.

"Hemenutiki" ni namna ya kufasiri maandiko. Ukimwambia mama wa Temeke "namna ya kufasiri maandiko" ameelewa. Ukimwambia hemenutiki, unamwambia kwamba ulisafiri. Tatizo hili lina chanzo chake. Vyuo vingi vinafundisha na kutahini kwa Kiingereza, mwanafunzi anaandika tasnifu kwa Kiingereza, anafikiri kwa Kiingereza miaka miwili au mitatu, halafu Jumapili ya kwanza nyumbani tunashangaa amekuja na mawe badala ya mkate. Mimi nilikuwa nawaamuru wanafunzi wangu waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila insha, kana kwamba wanamwandikia bibi yao. Walinung'unika sana. Wengine ukurasa ule mmoja uliwachukua muda kuliko insha nzima, na hapo ndipo tulipojua nani ameelewa na nani amekariri. Mwombeni mchungaji wenu afanye hivyo: darasa la Biblia la Jumatano, saa moja, Kiswahili cha sokoni. Na mumkatishe anapopotea. Wazee mna haki hiyo. Ndizi zilikuwa zenu.

La pili ni gumu, na hapa naomba univumilie, maana nina upande.

Mwaka 1977, mwezi wa Juni, Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu lilifanya mkutano wake mkuu hapa hapa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, sikujua hata agenda. Nilichojua ni kwamba wageni wamejaa mjini. Baadaye ndipo niliposoma walichofanya. Walisema kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini haukuwa suala la siasa ambalo Mkristo anaweza kuwa upande wowote apendao, bali uligusa ungamo lenyewe la imani. Na mkutano huo huo ukamchagua Josiah Kibira, askofu wetu kutoka Bukoba, kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza. Sasa mzee wangu, hilo lilikuwa mahubiri au siasa? Wapo waliosema siasa.

Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa kasisi, alikwishawaambia masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 kwamba kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa pamoja na wadhulumu. Na mwaka 2008 taasisi tatu ambazo hazikai meza moja kila siku, yaani Jumuiya ya Kikristo (CCT), Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA), zilitoa ripoti juu ya dhahabu yetu na kodi ambayo nchi ilikuwa inaikosa. Mzee, ripoti ya namna hiyo haiandikwi na mtu anayejua Zaburi peke yake. Inahitaji viongozi wa dini wanaoweza kusoma mkataba wa mgodi bila kulala.

Nikupe na mfano wa mbali. Martin Luther King alipewa udaktari wake wa theolojia Boston mwezi wa Juni 1955. Desemba ya mwaka huo huo alikuwa mchungaji kijana wa miaka 26 huko Montgomery, Alabama, na watu weusi wa mji ule wakagoma kupanda mabasi kwa siku 381. Nasikia watu wakisema alikuwa na kipaji cha kusema. Alikuwa nacho. Lakini soma alichosema uone jinsi manabii wa Agano la Kale walivyojaa humo. Mtu alikuwa amekaa na Amosi miaka.

Kwa hiyo kutaja hati za viwanja mimi sioni shida. Nitakachomwuliza mchungaji wenu ni hiki: je, alipotaja viwanja, alikuwa amekwenda kuona? Amekaa na familia yenye mgogoro? Amesoma sheria, au amesoma gazeti? Kama anapiga debe la chama madhabahuni, hapo nitakuwa pamoja nanyi, hata kikiwa chama ninachokipigia kura. Kama anasema jirani yenu amedhulumiwa kiwanja na anaweza kuonyesha vipi, mwacheni aseme.

Na kuna kazi ya hadharani ambayo haina makofi, mumpeni hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema shauri la talaka haliendi mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mpaka kwanza lipite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria hiyo inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yao yanayotambuliwa. Nimekaa kwenye baraza kama hilo miaka tisa. Wanandoa wanakuja, mnakaa, mnasikiliza vitu ambavyo havimo katika kitabu chochote cha mahubiri ya harusi, na mwisho, mkishindwa, mnaandika hati ya kushindwa kusuluhisha ili mwenye shauri aende mbele. Hati ikiandikwa vibaya, mama wa watu anarudishwa na karani wa mahakama, nauli imekwenda. Niliiona ikitokea kwa makosa yetu wenyewe. Chuoni nilifundishwa mafumbo ya Utatu kwa muhula mzima. Hati ile nilifundishwa na mwanasheria mmoja kwa dakika ishirini, tena nikiwa na miaka 50. Ulizeni kama usharika wenu una baraza. Kama mnalo, awe humo kila kikao. Kama hamna, mtumeni akaulize utaratibu wake.

Mwiteni kwa chai kwanza. Msimwite kwa barua yenye muhuri.

*Mama, nimeona tangazo la chuo cha nje kinachotoa udaktari wa theolojia kwa miezi sita kupitia intaneti, malipo kwa awamu, na joho wanatuma kwa posta. Ni sahihi?*
Kijana, Ubungo

Hapana. Shahada za nje zinatambuliwa hapa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Waulize wao kabla hujatuma hata shilingi. Katika ngazi zao shahada ya kwanza ni ya 8, uzamili ya 9, uzamivu ya 10, na kutoka moja kwenda nyingine hakuna anayepita kwa miezi sita. Kusoma kwa intaneti si kosa, wapo wanaofundisha vizuri kwa njia hiyo. Kinachonitia shaka ni lile joho kutajwa kwenye tangazo kabla ya masomo.

*Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili na Historia, naishi Kimara. Nataka kusoma uzamili wa theolojia. Kanisa langu haliwabariki wanawake kuwa wachungaji na sitaki kuhama kanisa. Ndugu zangu wanasema nitapoteza pesa. Kuna kazi gani kwa mwanamke kama mimi?*
Mwalimu, Kimara

Marahaba, mwalimu. Nitakujibu bila kukupamba.

Mimi ni wa KKKT, kanisa la Kilutheri hapa Tanzania, ambako wanawake tulianza kubarikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, dayosisi baada ya dayosisi, si kwa siku moja. Ibada yangu ya kwanza kama mchungaji baba mmoja wa benchi la mbele alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Alirudi miaka mitatu baadaye kunitaka nimzike mke wake. Sikumkumbusha, ila kofia niliikumbuka. Nakusimulia ili usidhani kwamba waliobarikiwa walipewa zulia jekundu.

Kwako wewe njia zipo, mishahara mingi ni midogo. Shule za makanisa zinahitaji watu wa huduma ya kiroho wanaojua vijana kuliko wanavyojua kanuni. Hospitali za makanisa vilevile. Tangu mwaka 1992 makanisa na serikali wana makubaliano juu ya huduma za jamii, na chombo kinachoyasimamia, CSSC, yaani Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kina ofisi hapa mjini. Kisha kuna tafsiri ya Biblia. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Unajua watu wangapi wanaosoma Kiebrania halafu hawajui tofauti ya "fadhili" na "hisani"? Kazi ya tafsiri na kuhariri imejaa wanaume wenye lugha za kale na Kiswahili cha kuokoteza. Ningekuwa na umri wako ningekwenda huko, mbio.

Soma pia habari za Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake, waliokutana Accra mwaka 1989 wakaanzisha Mzunguko wa wanawake wanatheolojia wa Afrika. Walikuwa na lengo la wazi: wanawake wa Afrika waandike na kuchapisha wenyewe. Wengi wao makanisa yao hayakuwa na nafasi ya kuwapa pia. Wewe usiache ualimu ili usome. Tafuta chuo chenye masomo ya jioni au ya likizo, upo mjini Dar es Salaam, hujakosa. Na ndugu zako wakisema unapoteza pesa, waulize ni za nani.

*Assalaam alaykum mama. Mimi ni Mwislamu, nasoma safu yako kwa sababu shangazi yangu aliolewa na Mkristo na gazeti hili halikosi nyumbani kwake Magomeni. Mume wake alifariki mwaka huu. Msibani tulikuwa mchanganyiko, nusu sisi, nusu wao. Mchungaji kijana, tuliambiwa ana masta, akasimama na kusema wasio wa imani yake wamepotea, huku shangazi amekaa chini na kanga kichwani. Huko vyuoni mnafundishwa nini kuhusu sisi?*
Msomaji, Magomeni

Waalaykum salaam, mwanangu. Poleni na msiba. Pole ya pekee kwa shangazi.

Tunafundishwa, ndilo jibu la kweli, na ndilo linaloniumiza. Vyuo vingi vina somo la Uislamu. Kile cha Limuru nilichokitaja juu kina hata kituo cha uhusiano wa Wakristo na Waislamu, kimewekwa Eastleigh, Nairobi, katikati ya majirani Waislamu na si kileleni mwa kilima. Lakini mara nyingi somo lenyewe linakuwa la kutahiniwa: nguzo tano, tarehe, madhehebu, mtihani, kwaheri. Na waliokua katika miaka ile ya mihadhara ya viwanja vya Dar es Salaam, pande zote mbili, walijifunza kwamba ukikutana na mwenye dini nyingine unatafuta aya ya kumshinda. Mchungaji yule alikuwa na masta na bado akafanya mhadhara msibani.

Nilipokuwa nafundisha nilimwalika shehe wa mtaa wa jirani aje darasani. Mwaka wa kwanza wanafunzi walijiandaa kwa mdahalo; nilimwona mmoja ana Kurani yenye vikaratasi vya alama kila ukurasa. Shehe akaketi, akaomba maji, akasema, "Ninyi mtakwenda kuishi na sisi. Leo nitawaeleza tunavyomwosha maiti, ili siku mkija kwenye msiba wetu mjue pa kusimama." Akazungumza saa moja na nusu. Hakuna aliyefungua vile vikaratasi. Mwisho yule mwenye Kurani akauliza kama jirani Mkristo anaruhusiwa kubeba jeneza, wakazungumza juu ya hilo mpaka kengele ya chakula. Baada ya hapo shehe alikuja kila mwaka, mpaka alipoanza kuugua miguu, na wanafunzi wakawa wanakwenda wao kwake.

Yule mchungaji simjui na sitaki kumjua kupitia barua. Ila kama shangazi yako hatachukia, niandikie tena unielekeze nyumbani kwake. Magomeni napita kila Alhamisi nikienda kwa daktari wa macho, na nitapenda kumpa pole mwenyewe. Hatahitaji kuandaa kitu, kahawa nitanunua pale nje.